Mwenza Aliyebaki

Kwa maneno ya Bi Nasikia, Mama Mkubwa alikwenda ofisi ya ardhi akiwa amevaa viatu vya marehemu mama yangu, akasimama dirishani bila haya, akamwambia karani kwamba mama yangu alikuwa mume wake.

"Mume, mwanangu! Mwanaume kamili na ndevu zake. Wakaandika, wakagonga muhuri, wakabandika ubaoni kila mtu asome. Na unajua kwa nini? Mume akifa, mke ndiye anayebaki na nyumba. Sasa wewe utakwenda kudai kwa nani? Utasema ni mtoto wa mama yupi, na mama mwenyewe wameshamgeuza baba?"

Nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua nguo, nyeupe huku, za rangi kule. Jirani yetu huyu tunamwita Bi Nasikia kwa sababu kila habari yake huanza na neno hilo: nasikia fulani kaachwa, nasikia maji yatakatwa. Ukimsikiliza unasuuza chumvi kwanza, kinachobaki ndicho cha kuchukua. Lakini siku hiyo hakusema nasikia. Alisema nimeona. Alikuwa amekwenda ofisini kwa shauri lake la mpaka, akayakuta majina ya kwetu ubaoni. Hilo ndilo lililonitisha.

"Labda hukusoma vizuri, mama," nilimwambia.

"Mimi? Mimi ninayesoma mpaka maandishi ya kwenye sabuni? Mwanangu, nenda ukaweke pingamizi. Neno moja tu, unasema napinga. Ukichelewa, mlango huu uliokalia utakuwa na mwenyewe."

Akaniachia mashuka yake ya kufua, akaenda zake. Mimi nikabaki nimeshika soksi ya mteja, sijui ni nyeupe au ya rangi.

Nyumba yetu ina milango miwili mbele. Wa kushoto huingia nguo chafu, wa kulia hutoka nguo safi. Mama alikaa kushoto, Mama Mkubwa kulia. Mama alifua, Mama Mkubwa akapiga pasi, na uani katikati yao zilining'inia kamba. Wateja walikuwa wakitutania kwamba huku unaingia na dhambi zako, kule unatoka umetubu.

Wote wawili walikuwa wake wa baba yangu, Mama Mkubwa wa kwanza, mama yangu wa pili. Baba alikwenda kutafuta kazi akapata mke. Aliaga kwa wiki mbili, akasema nisubirini, kisha akatuma talaka zote mbili kwa mjumbe mmoja, kubana nauli. Mimi nilikuwa bado wa mgongoni. Watu walikaa mkao wa kula, wakingoja wake wenza wagawane masufuria kwa kurushiana. Wao wakanunua beseni moja na pasi moja. Wakafua nguo za mtaa mzima miaka na miaka, mpaka wakanunua nyumba hii, majina yao yote mawili kwenye hati moja. Mama aliulizwa sana kwa nini hakuachana na mke mwenza baada ya kuachwa na mume. Jibu lake lilikuwa moja: "Aliyeniacha ni yule. Huyu kanikosea nini?"

Sikuwahi kuwasikia wakiitana kwa majina. Huyu alisema mwenzangu, na yule mwenzangu. Na mimi, kila mteja mgeni alipouliza binti huyu ni nani, Mama Mkubwa alijibu: "Mtoto wa mwenzangu."

Mama alifariki kwa kifua mvua zilipoanza. Tangu hapo mlango wa kushoto nakaa mimi.

Mimi si mtu wa kuuliza haraka. Doa ukilisugua kabla hujalitazama, unalizamisha. Kwa hiyo baada ya maneno ya Bi Nasikia nilikaa kimya, nikatazama. Niliona kwamba Mama Mkubwa anatoka asubuhi na mkoba kwapani, akisema anakwenda kwa fundi wa pasi. Fundi wa pasi huendewa na pasi. Pasi ilikuwa mezani. Niliona viatu vya mama vimepungua vumbi kule chini ya kitanda. Niliona kwamba anarudi macho mekundu, na tukikaa kula ananitazama kama mtu mwenye neno mdomoni, halafu anasema, "Ongeza mboga."

Nikaenda kuona mwenyewe.

Ubao ulikuwa ukutani nje ya ofisi, una kioo, na kioo kina alama za vidole vya watu waliosoma kabla yangu. Nilisoma na mimi kwa kidole. Mmiliki mwenza aliyebaki, yaani Mama Mkubwa, ameomba nyumba ibadilishwe umiliki kufuatia kifo cha mmiliki mwenza. Jina la mama lilikuwa sahihi, herufi kwa herufi. Mbele yake pameandikwa: marehemu mume wake. Na chini: mwenye pingamizi alilete kabla tangazo hili halijaondolewa.

Moyo ukanishuka mpaka kwenye kandambili. Bi Nasikia hakuwa ametia chumvi hata chembe.

Mlinzi aliniona nimeganda pale. "Dada, unapinga au unasoma tu?"

"Bado sijajua."

"Basi chukua fomu. Ukijua utaijaza."

Niliikunja nikaitia mfukoni mwa gauni.

Jioni niliingia upande wa pasi. Mama Mkubwa alikuwa na rundo la mashati ya sare, mvuke umemzunguka uso. Nikaitoa fomu nikaiweka mezani mbele yake. Akaichukua, akainyoosha kwa kiganja, na kwa mazoea ya mkono akaipitishia pasi upande huu na upande ule kabla hajaitazama. Ndipo akaisoma.

"Pingamizi," akasema. "La nani hili?"

"Langu."

"Unampinga nani?"

"Hicho ndicho ninachokuja kuuliza. Mama Mkubwa, ulimwambia nini yule karani kuhusu mama?"

"Nilimwambia kweli tupu."

"Kweli gani?"

"Aliniuliza, marehemu ni nani wako? Nikasema ni mwenzangu. Akasema, mama, mwenzako vipi, kompyuta haijui mwenzako, humu mna mzazi, mna mtoto, mna ndugu, mna mwenza. Nikamwambia hapohapo, huyo wa mwisho! Mwenza. Akafurahi yule kijana, akabonyeza. Nikasema, afadhali, serikali siku hizi inatujua."

"Ubaoni wameandika mama alikuwa mume wako."

Akaisimamisha pasi. "Nani?"

"Mama. Marehemu mume wake, ndivyo walivyoandika."

Kicheko kikamtoka tumboni, kikampindisha, akakaa juu ya rundo la nguo zilizokwisha kunyooshwa, jambo ambalo ningelifanya mimi angenifukuza nyumba. "Mwenzangu we! Mume! Laiti angekuwa mume yule, mimi nisingeachwa." Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa shati la mtu, halafu machozi yakaendelea na kicheko kikakoma.

Nilimwacha atulie. Kisha nikasema, "Uliniambia unakwenda kwa fundi wa pasi."

"Nilisema."

"Pasi ilikuwa mezani."

"Wewe mtoto una macho kama sindano." Akavuta kamasi. "Nilitaka nikuletee karatasi yenye jina lako pale lilipokuwa la mama yako. Nikajua ni kama kubadili foronya, unatoa ile unatia hii. Kumbe leta cheti cha kifo, leta picha, rudi kesho, mtandao haupo. Ningekwambia, ungenifuata, na nguo za watu zingelala."

"Na viatu?"

Akatazama miguu yake. "Nyumba ni ya wawili. Nikaona haifai kwenda peke yangu."

Nilimwamini, lakini kuamini kwenyewe kulikuwa bado kubichi, nguo iliyotoka majini. Yeye aliliona hilo. Akaikunja fomu yangu mara moja, kwa mstari ulionyooka kama kola, akanirudishia.

"Kesho twende wote. Na hii ibebe. Kama ni ya kupeleka, ipeleke imenyooka, wasiseme dobi hajui kazi."

Karani wa dirisha la mwisho alikuwa kijana mwenye miwani iliyopandishwa kwenye paji. Sikuwahi kumwona, ila shati lake nililijua. Mama alikuwa na desturi ya kushonea uzi ndani ya kola kuonyesha nguo ni ya nani, kila mteja na rangi yake. Huyu ni uzi wa kijani, doa la wino mfuko wa kushoto. Nguo zake huletwa na mfanyakazi wa ofisi. Alipoinama kuokota kalamu, uzi ukachungulia shingoni, nikajikuta nimepungua woga.

"Mama, umerudi tena!" akamwambia Mama Mkubwa. "Nilikwambia subiri tangazo likae."

"Tangazo lako limemwotesha mwenzangu ndevu."

Ikabidi aeleze mara mbili. Karani alipoelewa, miwani ilimwanguka yenyewe puani. "Samahani sana, mama. Kwenye kompyuta, mwenza ni mume au mke wa mtu. Ukichagua hilo, na wewe ni mwanamke, yenyewe inaandika mume."

"Na mimi nilisema nini? Mke. Mke mwenza."

Foleni yote nyuma yetu ikacheka. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Kwani huyo mume wenu yuko wapi?"

"Kamuulize mke wa tatu," Mama Mkubwa akamjibu bila kugeuka.

Karani akafuta, akabonyeza upya. "Sawa. Naandika hamkuwa na ndoa baina yenu. Ni wamiliki wenza."

"Mwenza tena?"

"Hii ni nyingine, mama. Hii ni ya kumiliki."

"Hilo neno lenu lina kazi nyingi kuliko mimi."

Alikuwa bado anatabasamu alipoivuta hati yetu karibu na kuisoma. Niliona tabasamu linapungua. Nikajua kuna kitu, kama unavyojua mfukoni mna kitu kabla hujaingiza mkono.

"Mama, hapa imeandikwa mnamiliki kwa pamoja."

"Kwa pamoja, ndiyo. Tulipoandikishwa tuliulizwa, kwa pamoja au kwa hisa? Mwenzangu akasema pamoja. Hisa tuliisikia kama kugawana, na sisi ya kugawana yalikuwa yametuchosha."

Karani akaweka kalamu chini. Alieleza polepole, na sitamlaumu, alieleza vizuri. Kwa hisa, kila mmoja ana fungu lake, na akifa fungu lile linakwenda kwa warithi wake. Kwa pamoja hakuna mafungu. Mmoja akitangulia, aliyebaki anabaki na nyumba yote.

"Kwa hiyo ombi la kumwandika binti mahali pa marehemu haliwezekani," akasema. "Marehemu hakuacha fungu. Linafutwa jina lake, basi."

Nililielewa kabla hajamaliza. Nguo za wateja tulizitia nyuzi, za kwetu hatukuzitia. Kamba ya nyumbani ilikuwa haina alama, kila mmoja alivuta kilichokauka akavaa. Mama aliipenda kamba ile. Na kwa kuipenda, pale ofisini, hakuniachia hata uzi.

"Nyumba yote?" Mama Mkubwa akauliza.

"Yote."

"Na mlango wa kushoto?"

"Na mlango, mama. Na madirisha."

"Na huyu?"

Karani akanitazama, akatazama hati. "Huyu kwa sheria hana kitu hapo."

Bi Nasikia alikosea kuhusu mume. Kuhusu mlango hakukosea. Nilitazama sakafu ya ofisi, na nilichoona ni sakafu ya uani kwetu, pale sementi ilipolika kwa sabuni, umbo la miguu ya mama aliposimama kufua. Mimi nasimama mlemle. Sijui kazi nyingine na sijui nyumba nyingine.

"Mimi sikuja kumfuta mwenzangu," Mama Mkubwa akasema. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Nimekuja kumwandika mtoto."

"Utamwandika, mama, hakuna anayekukataza. Ila ni hatua mbili. Kwanza jina la marehemu linaondoka, unapata hati yako peke yako. Kisha unakuja na hati hiyo unamwongeza unayemtaka."

"Leo?"

"Kati ya hatua na hatua ni wiki kadhaa. Inategemea."

"Na hapo katikati?"

"Hapo katikati nyumba ni yako wewe tu."

"Na nikifa hapo katikati?"

Karani alijikuna kidevu. "Itakwenda kwa warithi wako."

Mama Mkubwa hakujaliwa mtoto. Ana kaka zake, watu wenye nguo nyingi, ambao tangu tuhamie hawajawahi kuingia kwa mlango wowote kati ya ile miwili. Hata kufulisha wanafulisha kwingine.

"Lakini," karani akasema, na hapo alinitazama mimi, "tangazo bado liko ubaoni. Binti ana haki ya kuleta pingamizi. Akilileta, kila kitu kinasimama mpaka lisikilizwe. Hata mama hataweza kuendelea."

Fomu ilikuwa mfukoni. Niliisikia pajani, imenyooka.

Mama Mkubwa akanigeukia. "Weka."

"Niweke nini?"

"Weka pingamizi. Ningekuwa wewe ningeweka." Alikuwa anaongea chinichini sasa, na foleni imenyamaza kusikiliza. "Mimi mtu niliyemwamini aliniambia nimsubiri wiki mbili, na wiki hizo hazijaisha mpaka leo. Sitamwambia mtoto wa mwenzangu neno hilo. Usinisubiri. Weka, wasimamishe, tutafute njia nyingine."

"Njia nyingine ipo?" nilimuuliza karani.

"Ni hii hii, dada. Itachelewa tu zaidi, na mtabishana."

Nilimtazama Mama Mkubwa kama ninavyotazama nguo kabla ya kuiloweka. Viatu vya mama vilikuwa vikubwa kwake. Alikuwa amejaza kitambaa mbele, na kipande kimechomoza penye ncha iliyopasuka. Nilikijua kile kitambaa, ni cha kupangusia pasi. Alikuwa ametembea hivyo kutoka nyumbani hadi pale, siku zote zile alizosema anakwenda kwa fundi, akijikwaa, watu wawili ndani ya viatu vya mmoja.

"Mama Mkubwa," nikasema, "nguo haikauki kwa kufokewa. Tia sahihi. Nitasubiri."

"Ukisubiri nikafa?"

"Basi usife."

Mzee wa kwenye foleni akasema, "Hapo sawa!" Karani akacheka, akasogeza karatasi.

Lakini kalamu ilipofika mkononi, Mama Mkubwa hakuandika. Alikaa ameishika juu ya karatasi. "Jina lake mnalifutaje? Mnabonyeza likapotea?"

Karani alisita. Kisha akainuka, akaenda nyuma, akarudi na daftari kubwa la usajili, la zamani, ambalo sidhani walitakiwa kututolea. Akalifungua ukurasa wa watu wengine. Palikuwa na majina, na baadhi yalikatwa kwa mstari mmoja mwembamba, na unayasoma yote.

"Halipotei, mama. Linapigwa mstari. Anayefungua miaka yote ataona kwamba alikuwapo."

Mama Mkubwa akaugusa mmoja wa mistari ile. "Haya," akasema. "Lakini uupige mwenyewe, na usikandamize sana."

Akatia sahihi.

Bi Nasikia alipopata habari alishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Umejichinja mwenyewe, mwanangu, na kisu umekinoa! Akibadili nia je?"

"Mashuka yako yako tayari, mama," nilimwambia. Yalikuwa hayajawa tayari, lakini nilitaka ahame kwenye shauri lile.

Sitasema sikuogopa. Kila Mama Mkubwa alipokohoa, nilisimamisha mikono kwenye beseni nikasikiliza. Yeye naye aliishi siku hizo kwa adabu ambayo sijapata kuiona. Alivuka barabara akitazama kushoto, kulia, na juu. Aliacha kupanda kigoda kufikia rafu. Alikula mboga ambazo siku zote alisema ni chakula cha sungura. Kaka yake mmoja alituma salamu, baada ya kimya cha miaka, akiuliza kama kweli nyumba sasa ni ya dada yake peke yake. Mama Mkubwa alimjibu mjumbe: "Mwambie mzima. Mwambie nakula mboga."

Nasikia, alisema Bi Nasikia, kwamba Mama Mkubwa anakunywa dawa ya kikohozi hata siku asiyokohoa. Hilo lilikuwa kweli.

Hati ikatoka. Alipoletewa dirishani aliitazama muda mfupi tu, jina lake peke yake katikati ya karatasi, akairudisha kama mtu aliyepewa nguo ya mwingine. "Haya, hatua ya pili. Tumekuja wote."

Karani akavuta kibao cha kuandikia. "Anayeongezwa ni huyu dada. Uhusiano wenu?"

Mama Mkubwa akafungua mdomo. Karani akainua mkono. "Mama. Taratibu."

Tukacheka sote watatu. Kisha akanitazama mimi, akatazama kile kioo cha kompyuta asichokiona vizuri, akasema, "Yumo humo mtoto, si ndiyo? Ulinitajia siku ile."

"Yumo. Ni mtoto wako?"

"Bonyeza."

Karani akabonyeza. Mimi nilijifanya natafuta kitambulisho mkobani, na kitambulisho kilikuwa mkononi.

"Kwa pamoja au kwa hisa? Na safari hii mnajua maana."

Mama Mkubwa akanigeukia. Alikuwa ananingoja mimi. Niliwaza kaka zake, nikawaza mama, nikawaza kamba ya uani isiyo na alama.

"Pamoja," nikasema.

"Umeisikia sauti hiyo?" Mama Mkubwa akamwambia karani. "Ndivyo alivyosema yule mwingine. Hivyohivyo, na kidevu juu."

Hati ya majina mawili bado haijatoka, lakini tulipewa karatasi ya kuonyesha kwamba imo njiani, na tulirudi nyumbani tukiwa tumeshikana mikono kuvuka barabara. Jua lilikuwa kali, la kufaa kazi. Nikavua gauni la kutokea, nikalitia pamoja na mashuka mengine ya Bi Nasikia yaliyokwisha kulala sana, nikafua.

Tulipoanza kuanika ndipo aibu ikaonekana. Mashuka yalikuwa yamejaa vipande vyeupe, vidogo kama punje za mchele, vimeganda kila mahali.

"Nani kaacha karatasi mfukoni?" Mama Mkubwa akang'aka. "Dobi mzima! Hata mtoto wa mtaani anajua kupekua mfuko. Karatasi gani hii?" Akabandua kipande kwa kucha, akakisogeza machoni. Bado kilikuwa na nusu ya neno: pingam. Akakisoma, akanitazama, akakipeperusha. Tukaendelea kubandua, yeye upande wake wa kamba, mimi upande wangu, shuka katikati yetu.

Nilikuwa naona vidole vyake tu juu ya kamba, na chini viatu vya mama, vimelowa.

"Mwanangu," akasema kutoka upande wa pili.

Nikaacha kubandua.

"Nikitangulia, usikimbilie kule dirishani. Yule kijana atakwambia leta cheti, njoo upesi. Wewe usiende upesi. Liache jina langu likae na lako kidogo. Hata mvua moja tu ipite."

Upepo ukalijaza shuka, likaja usoni kwangu, baridi, na harufu ya sabuni. Nilikuwa na vibanio viwili mdomoni. Ncha ya upande wake ilikuwa imeteleza inataka kugusa chini, naye akaidaka, akaniinulia, nami nikashika ya kwangu.